Shangazi Mshonaji na Mlango wa Jaribu

Enyi wenye masikio, wekeni chini vyombo na simu, mkasikilize habari za Shangazi Mshonaji, simba jike wa cherehani, mtiisha hariri, aliyekata gauni la bibi harusi kwa kukadiria kwa macho na likamkaa, jinsi alivyoingia vitani akiwa na kidole kimoja tu.

Kompyuta yake ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha asubuhi inaamka adhuhuri, tena kwa kukoroma. Humo ndani, pasipo nakala popote, zilikuwamo picha za marehemu mumewe, na mwaka mzima hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Ndipo akaja binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, amebeba flashi iliyozidiwa ukubwa na kidole gumba, na ndani yake mfumo huria mzima mzima wa kuendeshea kompyuta, usiouzwa wala kufichwa ulivyoundwa.

"Shangazi," akanena, "leo hatubadilishi kitu. Mfumo utatembea kutoka kwenye flashi, uuonje kwanza. Usipoupenda nachomoa, na kompyuta yako inabaki vilevile."

Lahaula! Flashi ilipochomekwa, kioo cha kompyuta kikawaka, na milango miwili ikasimama mbele ya shujaa: mmoja umeandikwa Jaribu, wa pili Sakinisha. Shangazi akavaa miwani. Jaribu! Maisha yake yote alikuwa akiomba aepushwe na majaribu. Sakinisha, kwa upande wake, lilisikika kama neno la amani, la kumwambia mgeni akae atulie. Kidole chake, kilichochomwa na sindano zisizo na idadi bila kutetereka, kikanyanyuka kuuelekea mlango wa amani.

"Siyo hapo, Shangazi!" Binti akaudaka ule mkono hewani. "Hapo unauweka mfumo mpya moja kwa moja na kufuta kila kitu, na picha za marehemu zinakwenda!"

Shangazi akaketi juu ya furushi la vitambaa. "Mwanangu, majaribu nimeyakimbia tangu usichana wangu. Leo unataka niyabonyeze mwenyewe?"

"Haya ni ya kuonja tu. Si huwa unamvalisha mteja nguo ya pini kabla hujaishona?"

Lo, hapo akaelewa, maana lugha hiyo ilikuwa yake. Akasimama, akakunja mikono ya gauni, akakihutubia kioo: "Sikia wewe! Nakubonyeza, lakini ukimgusa mume wangu tutaonana wabaya!"

Akabonyeza.

Mashine haikukoroma. Folda ya zamani ikafunguka, na huyo hapo mumewe, utepe wa kupimia shingoni, anacheka mpaka macho yamefumba. Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa na hamu mno ya kumwona mtu huyu.

"Ninakili picha kwanza, halafu nisakinishe?" binti akauliza taratibu.

"Baadaye, mwanangu. Sasa hivi niache nimtazame."

Andikeni basi, enyi watunza tarehe za mataifa: siku hiyo, katika chumba cha ushonaji, mwanamke mmoja alibonyeza kitufe, na hakikupotea kitu.