Biskuti za Kumbakisha Molly

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu Molly amevunjika mkono. Wa kulia, ule wa kupikia. Aliteleza jana kwenye kijia cha shamba la chai akitoka kuteka maji. Sasa ana plasta nyeupe kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, na daktari amesema mkono huo usiguse kazi wiki sita. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwanamume yuko nyumbani. Akanitazama, kisha akatazama jiko.

Nimepika ugali. Ulikuwa na madonge, lakini si mengi. Molly aliyatenga moja moja kando ya sahani. Sukuma wiki nayo ilikuwa na mchanga. Mimi nilidhani mama wa sokoni huwa ameshaiosha.

Jioni mama mkwe akapiga simu kutoka Ugenya. Nilisikia yote kwa sababu Molly alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto na simu ilikuwa mezani kwa spika. Mama anakuja Jumamosi. Anataka kumchukua Molly akapone kwao hadi plasta itolewe, ati huku hakuna wa kumtazama. Na mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikimtazama.

Molly akamwambia aje kwanza ajionee. Akikuta nyumba inakula vizuri, yeye atabaki. Akikuta haili, watafunga begi waende pamoja. Simu ilipokatika nikamwuliza kama hayo yalikuwa maneno ya kumtuliza mama tu. Akasema hapana. Akasema ananipenda, lakini ule ugali ni kitu kingine.

Binti yetu Christabel yuko shule ya bweni. Molly akienda, nyumba hii itabaki na mimi na redio. Sitaki. Naandika wazi ili nisijidanganye: sitaki kabisa.

Basi nina mpango. Mama mkwe hana udhaifu duniani isipokuwa chai na biskuti za nyumbani. Akila biskuti za ajabu hapa, Ugenya ataisahau. Molly amenipa maelekezo akiwa kitini: unga wa ngano, sukari, Blue Band, yai moja, maziwa kidogo. Changanya tu, usikande. Sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, oka kwa moto mdogo. Ndiyo hayo tu, akasema.

Haiwezekani. Kitu kitamu hivyo hakiwezi kuwa rahisi hivyo. Ama ananificha jambo, ama hata yeye hajui.

Jumatano, 5 Machi

Nimeoka. Nilichukua sufuria kubwa, nikaweka mchanga chini, sufuria ndogo ndani yake, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Unga niliukanda sawasawa, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mtu asiyekanda ni mvivu. Molly alisema kitu kutoka kitini, lakini nilikuwa nakanda.

Chini zimeungua, juu mbichi, katikati ngumu. Moja nilimrushia mbwa wa jirani. Aliinusa, akaizika.

Chakula cha jioni kilikuwa ndengu. Kumbe huchemka muda mrefu namna hiyo! Tulikula tukiwa tumeshaanza kusinzia.

Sasa jambo linalonisumbua. Chepchumba, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa kwenye nyumba za kiwanda cha chai, alimletea Molly biskuti zake kumpa pole. Zile ambazo kanisani huisha kabla ya maombi kuisha. Nilichukua moja nikaichunguza. Nje imara, ndani laini, ukiuma inavunjika bila vurugu. Niliivunja nikaitazama dirishani kwenye mwanga. Nikainusa. Nikaiweka sikioni nikaikwaruza kidogo. Molly akaniuliza kama naila au naipima homa.

Nikaenda kumwuliza Chepchumba siri yake, kiujanja, nikijifanya nimepita tu kuomba kiberiti. Akanijibu hapo hapo, huku akifua, bila hata kuinua kichwa: usikande, moto uwe mdogo. Kisha akanipa kiberiti.

Nimerudi nikicheka moyoni. Nani hutoa siri ya biskuti kwa urahisi hivyo, tena akifua? Huyo anaficha. Na maneno yake yanafanana mno na ya Molly. Wamepanga.

Jumatano, baadaye kidogo

Nimepata! Nilikuwa nyuma ya nyumba nikimwaga maji ya kuoshea sufuria ya ndengu, nikachungulia kwenye pengo la ua. Chepchumba alikuwa chini ya taa na kibuyu chake cha maziwa. Ameshika kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto, anasugua ndani ya kibuyu, polepole, kwa makini sana. Pembeni yake kulikuwa na unga mweusi wa mkaa kwenye kikombe.

Najua mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Nimeishi Kericho miaka kumi na moja, mursik nimeinywa harusini, kwenye shukrani na bure. Lakini sijawahi kufikiria vizuri. Maziwa yakikaa siku tatu kwenye chombo kingine, mtu anaumwa tumbo. Yakikaa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa huo, mtu anaomba kikombe cha pili. Sasa kama mkaa huo unafanyia maziwa hivyo, unafanyia unga wa ngano nini?

Leo sitalala kwa hamu ya kujua.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwomba Chepchumba mkaa kidogo. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Akanifungia kwenye karatasi, akanitazama kwa huruma, akasema pole Baba Christabel, ni zile ndengu?

Nikaweka vijiko vitatu vya kulia. Baadaye nikaongeza kimoja cha bahati.

Zilitoka nyeusi. Si hudhurungi. Nyeusi kama soli ya kiatu. Nikala moja kwa uaminifu wa mtafiti. Ladha yake ni ya jiko lililozimwa na maji. Niliporudi sebuleni Molly alinitazama mdomo, akaniuliza kama nimekula kalamu.

Chepchumba akaja kuchukua kiberiti chake. Akaona sinia. Akaniuliza ule mkaa niliupeleka wapi. Nikamwambia. Aliketi chini sakafuni, mtoto mgongoni na yote, akacheka mpaka mtoto naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Molly alikuwa anacheka akiwa ameshikilia plasta yake kwa sababu mkono ulikuwa unauma akicheka.

Nilicheka nao kidogo. Kisha niliingia chumbani nikaona begi la Molly limeshushwa kutoka juu ya kabati. Liko kitandani, wazi. Ndani kuna lesso mbili na sweta.

Nilirudi jikoni nikaosha sufuria. Hata ile iliyokuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefikiri kama mtu mwenye elimu. Shida si unga. Shida ni moto. Makaa yanachoma chini, juu yanalala. Kinachohitajika ni joto la sawasawa, kutoka kila upande, bila kiherehere.

Na mimi kazi yangu ni ipi? Mimi ndiye mtu wa draia! Kila siku nasimama mbele ya mashine ndefu inayopuliza hewa ya moto kwenye majani ya chai yaliyosagwa, yanaingia yakiwa maji maji na kutoka makavu, hakuna hata jani moja lililoungua. Miaka yote hii nimekuwa nikisimama mbele ya oveni kubwa kuliko zote Kericho, nikila maandazi ya kununua.

Nilikanda unga alfajiri, nikakata biskuti, nikazipanga kwenye sinia, nikalifunika kwa taulo. Mlinzi wa geti akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni dawa ya kifua. Akanitakia nafuu.

Kipkemboi, supavaiza wetu, alipoenda kwenye boila kuangalia kuni, nilifungua kile kidirisha cha ukaguzi nikasukuma sinia ndani. Harufu ikaja baada ya muda mfupi. Harufu nzuri! Siagi na sukari na chai, vyote pamoja. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya kweli. Niliwaza uso wa mama mkwe. Niliwaza begi likirudi juu ya kabati.

Jambo moja nililisahau. Draia hutikisika. Hutikisika ili chai isogee, siku nzima, na mimi nimezoea mpaka miguu yangu haihisi tena. Nilipofungua kidirisha, sinia lilikuwepo. Biskuti hazikuwepo. Zilikuwa zimeruka moja moja zikaondoka na chai.

Nilikimbia hadi upande wa pili. Zilikuwa zinatoka vipande vipande, nyingine unga mtupu, zinaelekea kwenye machekeche ya kuchambua chai. Nilijaribu kuokota. Chai ni moto. Niliokota hata hivyo.

Saa ya kuonja ikafika. Kipkemboi huonja kila fungu la chai kwa kijiko: anavuta kwa kelele, anazungusha mdomoni, anatema ndooni. Akavuta. Akazungusha. Hakutema. Akameza. Akavuta tena kutoka kikombe kile kile. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole niliyoiogopa kuliko kelele, kwa nini chai ya leo ina siagi.

Nilisema ukweli. Ningesema nini na unga wa ngano kwenye nyusi?

Gunia la chai hiyo limetolewa kando, haliwezi kuuzwa. Nimepewa onyo, na Kipkemboi amenitoa kwenye draia. Kuanzia Jumatatu niko juu, kwenye vitanda vya kunyausha majani mabichi kabla ya kusagwa. Amesema nisimame mbali na kitu chochote chenye moto. Akanifungia chai kidogo kutoka gunia lile kwenye karatasi ya khaki, akasema nipeleke nyumbani, niinywe na nifikirie maisha yangu.

Molly aliniona nikiingia, vidole vimebabuka. Nikamwambia yote. Hakucheka. Alinipaka mafuta vidoleni kwa mkono wake wa kushoto, akitumia muda mrefu sana kwa vidole vitatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Hakuna biskuti. Unga umekwisha, na aibu imejaa.

Nilimchinja jogoo, kwa sababu mama mkwe hapewi sukuma. Nilimchemsha tangu asubuhi. Alikuwa jogoo wa msimamo. Ugali safari hii ulikuwa na donge moja tu, na hilo nilijipakulia mwenyewe.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawali wakitazamana. Ni heshima. Kwa hivyo nilipeleka vyakula mezani nikiwa nimeinamisha macho, nikatoka, nikaketi juu ya jiwe karibu na tangi la maji na sahani yangu magotini. Kulikuwa na manyunyu. Ndani kulikuwa kimya. Mtu atajuaje? Anakula? Anatafuna tu? Amemficha jogoo chini ya ugali? Nilisikia kijiko. Nilisikia kiti. Nilishindwa.

Nilisogea hadi dirishani nikachungulia pembeni ya pazia. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai. Ile ya karatasi ya khaki. Molly alikuwa ameipika! Mama alikunywa. Akanusa kikombe. Akanywa tena. Akamwashiria Molly amwongeze.

Kisha akageuza kichwa na macho yetu yakakutana.

Nilirudi kwenye jiwe nikatamani linimeze. Mtu mzima, nimemchungulia mama mkwe akila. Kuna watu wametengwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Molly akatoka baada ya muda. Akaketi kando yangu kwenye manyunyu. Akasema mama amesema jogoo hakuiva, na ameuliza ni chai gani hii ambayo ukiinywa umeshakula biskuti. Molly akamweleza habari ya draia, ya mkaa, ya mbwa, yote. Mama akasema mwanamume anayeharibu kiasi hicho kwa ajili ya mke hawezi kuachwa peke yake, ataunguza mji.

Kwa hivyo Molly haendi. Haendi! Ningemwinua kama si plasta.

Akaongeza kwamba begi alilifunga kweli Alhamisi. Alilifungua na kutoa nguo jana jioni, aliponipaka mafuta. Alisema hivyo akitazama tangi la maji.

Kisha akanimalizia habari. Kwa kuwa mimi siwezi kuachwa peke yangu jikoni, mama naye anabaki, hadi plasta itolewe. Hawezi kulala kwenye nyumba ya mkwe, hilo halifanyiki, kwa hivyo Chepchumba amempa kitanda. Lakini mchana atakuwa hapa, na chakula atakula hapa.

Ina maana mimi nitakula juu ya jiwe hili kwa karibu wiki sita.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa, mama mkwe na Chepchumba wameoka biskuti jikoni kwangu, kwa unga wa Chepchumba. Nilitazama kupitia pengo la mlango, kwa heshima. Mama alimwuliza Chepchumba siri. Chepchumba akamwambia usikande, moto uwe mdogo. Mama akaitikia tu, kama mtu aliyeambiwa njia ya sokoni. Hakukanda. Moto ulikuwa mdogo.

Zilitoka za dhahabu. Molly aliniletea moja kwenye jiwe, manyunyu yakianguka, akanitia mdomoni kwa mkono wa kushoto. Ilivunjika bila vurugu. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo nikiwa nimeloa.

Nimekaa nikafikiri sana. Unga, sukari, Blue Band, usikande, moto mdogo. Molly alisema hivyo Jumanne. Chepchumba akasema hivyo Jumatano. Sasa na mama mkwe amefanya hivyo mbele ya macho yangu. Watu watatu, maneno yale yale.

Kwa hivyo sasa wanaoficha ni watatu.

Haidhuru. Mimi nimeshaelewa kosa langu. Joto la kiwanda lilikuwa sawa kabisa. Kilichoniangusha ni mtikisiko, basi. Na vitanda vya kunyausha majani havitikisiki. Ni hewa ya uvuguvugu tu, mchana kutwa, polepole, na kila mtu anajua unga wa maandazi huumuka kwa uvuguvugu. Kipkemboi hajui alichonipa.

Kesho ndiyo Jumatatu. Unga uliobaki nimeuficha chini ya kitanda, na hamira iko ndani ya gambuti la kushoto.