Ibada ya Babu Katika Boma la Mawe

Jumatatu, 11 Februari 2013

Lodwar. Joto la kuchoma. Siku mbaya.

Uwanja wa soko umechukuliwa. Uwanja wa shule umechukuliwa. Hata ule mchanga wa mto mkavu, mahali mbuzi hupumzika mchana, naambiwa chama fulani kimeushika mpaka siku ya kura. Wenzangu wana vyama, magari, vipaza sauti. Mimi ni mgombea huru. Epuyo, karani wa baraza tangu ujana, na baraza lenyewe linavunjwa mara tu serikali ya kaunti ikianza. Nisipopata kiti cha wadi, sina kazi. Watu hawalioni hilo. Wanaona alama yangu tu, wanacheka. Niliomba simba. Watu wa uchaguzi wakanipa kijiko.

Aliyechukua uwanja wa soko ni Lomuria. Shemeji yangu! Kaka wa mke wangu Akiru, baba mmoja, mama mmoja. Ana kofia mpya. Leo alinisimamisha barabarani mbele za watu, akanisalimu kwa Kiturkana, ejoka, akauliza kijiko kinaendeleaje. Nilimjibu kwa heshima. Nimeapa kumshinda.

Jioni nikapita Boma la Mawe. Ni nyumba ya mawe ambamo mkoloni aliwafungia watu, na wengine walifia humo. Sasa ni mali ya serikali, mahali pa kumbukumbu. Kuna ukuta. Kuna kivuli cha mikoma. Katikati kuna jiwe kubwa, bapa kama jukwaa. Langoni kuna ubao wa kanuni. Hakuna mikutano ya siasa. Hakuna vipaza sauti. Hakuna moto, hakuna mifugo, hakuna kupanda juu ya mawe. Wanaoruhusiwa kukusanyika ni wanafunzi na mwalimu wao, watu wa maombi, na jamaa za waliofungwa humo wanaokuja kuwakumbuka.

Nikasoma tena. Aliyeandika kanuni zile hakunifikiria mimi.

Jumanne, 12 Februari

Nimepata. Jamaa za waliofungwa. Nitakuwa jamaa.

Wakati wa chai nilimwambia Akiru kwamba nataka kumfanyia marehemu babu yangu ibada pale Bomani. Akanitazama. Akasema babu yangu hakufungwa pale. Alikuja kutoka Kaikor akaajiriwa askari, na ndiye aliyeshika funguo. Nikamwambia waliojua hayo wamekwisha kufa. Akasema wafungwa walikuwa na watoto, na watoto wako hai. Akiru ni mke mwema, lakini hana jicho la siasa.

Jumatano, 13 Februari

Nimeonana na msimamizi wa Boma. Anaitwa Atabo, mama wa miwani, ofisi ndogo langoni, feni isiyozunguka. Aliuliza kama babu alifungwa mle. Nilisema aliishi ndani ya kuta zile miaka mingi na kwamba alitoka akiwa mgonjwa. Kila neno ni kweli! Pombe ilimharibu ini. Atabo akasema pole. Nikainamisha kichwa.

Amenipa Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi. Hakuna hotuba. Hakuna fulana za kampeni. Hakuna kupanda lile jiwe. Kwaya ni ruhusa, bila vipaza sauti. Akasema mwenye mkusanyiko ni mimi, na likitokea lolote atanitafuta mimi. Nikakubali upesi kabla hajaongeza kanuni nyingine.

Jumamosi, 16 Februari

Kakuma. Vumbi mpaka kooni, mgongo umekwisha.

Shida ilikuwa waombolezaji. Ndugu zangu wote wako kwa Lomuria, maana kwake kunachinjwa. Na ibada ya mtu mmoja haivuti mpita njia. Ndipo nikakumbuka kwaya ya akina mama wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Niliwasikia hapa Krismasi. Wenye maduka waliacha maduka wazi wakaenda kusikiliza. Hawa hawana kura, najua. Lakini sauti zao zitaleta wenye kura, na wenye kura wakishafika nitawaonyesha kijiko.

Kiongozi wao ni Nyibol. Mwanamke mrefu, mpole wa maneno, ana kibanda cha chai na mandazi kambini. Nilimweleza habari za waliofia Bomani bila mtu wa kuwaombea. Akaacha kukanda unga. Akauliza walizikwa wapi. Nikasema hakuna anayejua. Akasema ana wana wawili, Kuot na Bior, waliochukuliwa njiani na watu wenye bunduki walipokuwa wanakimbia, na mpaka leo hajui wamelala wapi. Akasema watakuja. Hawataki kitu.

Nimefurahi sana. Sikutegemea iwe rahisi hivi.

Kumebaki jambo dogo. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari, na tangu Desemba amri imekuwa kali. Nyibol aliuliza habari za kibali. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumatatu, 18 Februari

Karani wa vibali ni mtu mgumu. Karani mwenzangu! Alisema kibali hutolewa kwa matibabu, masomo au kesi. Ibada haimo. Nikasema kuna dharura. Akauliza nani anaumwa. Nikasema babu. Akauliza babu amelazwa wapi. Nikatoka.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi Lodwar. Wanawake waliovaa kanzu nyeupe za kwaya, wanaimba juu ya lori. Askari gani atawasimamisha? Nimempigia Nyibol simu, nimemwambia mambo yako sawa. Yako karibu na sawa.

Alhamisi, 21 Februari

Lomuria alikuja kula kwangu. Akiru alimpa paja. Mimi nikapewa shingo. Amesikia habari za ibada, akasema ni jambo jema, atakuja. Nikamwambia mahali ni padogo. Akasema atasimama. Ana lake jambo huyu.

Jumamosi, 23 Februari

Kalamu imetoboa karatasi. Si woga. Ni hasira.

Asubuhi ilianza vizuri. Lori nililokodi lilifika, akina mama wakashuka wamejaa vumbi, wakajifuta, wakavaa kanzu zao. Hakuna kizuizi kilichowasimamisha. Nilivaa koti jeusi lililofungwa mpaka shingoni, na fulana ya kijiko ndani yake. Atabo alinipa mkono wa pole. Akiru alikaa nyuma, hakunitazama.

Wakaimba. Siwezi kueleza. Hakukuwa na ngoma. Zilikuwa sauti tu, za chini, kama watu wanaozungumza na mtu aliyelala chumba cha pili. Nyibol akatangulia mbele ya ukuta, akaweka kiganja juu ya mawe, akaanza kutaja majina. Kuot. Bior. Mwingine naye akaja akataja wake. Kisha mwingine. Watu wa mjini walisikia wakaanza kuingia. Waendesha bodaboda wakaacha pikipiki nje. Akina mama wa soko wakaja na vikapu. Mama mmoja Mturkana, simjui, akaenda ukutani akataja jina la baba yake, akalia. Boma likajaa. Lomuria alikuwapo, kofia mkononi, macho mekundu. Anajua kuigiza.

Sijapata kuona umati kama ule. Na wote kimya! Wote wakiangalia mbele! Mgombea gani angeiacha nafasi hiyo?

Nikapanda lile jiwe. Nikafungua vifungo vya koti.

Nilisema mimi ni Epuyo, mjukuu wa Boma hili, na kwamba tarehe nne wasisahau kijiko. Nilikuwa na mengi ya kusema. Lakini hakuna aliyepiga makofi. Hakuna hata aliyecheka, na kucheka nimezoea. Nyibol alikuwa bado ameweka kiganja ukutani. Akakiondoa polepole, akakitazama kama kimechafuka.

Atabo akaja kuniambia nishuke. Nikamwambia dakika moja tu. Akaenda kupiga simu.

Askari walipofika waliuliza mkutano ni wa nani. Atabo akasema ni wangu. Mimi nikasema ni ibada ya kwaya, mimi nimehudhuria tu. Mkubwa wao akanionya, akasema mgombea asifungwe karibu na kura, italeta maneno. Nikamshukuru. Kisha akawageukia akina mama akawaomba vibali. Wakanitazama wote. Akauliza kama ni mimi niliyewaleta. Nikasema walikuja wenyewe. Sikudanganya. Walikuja kwa lori.

Nyibol alinisikia. Alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akapanda gari la askari kwanza, akawapa wenzake mkono mmoja mmoja wakapanda.

Watu wakatoka. Nilijaribu kumsalimu mwenye bodaboda mmoja. Akawasha pikipiki.

Jumapili, 24 Februari

Akiru aliamka mapema akachemsha chai nyingi, akapika mandazi, akavipeleka vyote kituoni. Hakuacha hata kikombe kimoja nyumbani. Nikamfuata.

Lomuria alikuwa ametangulia. Amezungumza na wakubwa wa kituo na watu wa ofisi ya wakimbizi, na akina mama watarudishwa Kakuma kesho badala ya kupelekwa mahakamani. Ila wataandikwa, na mwaka huu wasiombe kibali chochote. Mmoja wao alikuwa ampeleke mtoto Eldoret kwa upasuaji wa macho. Sasa basi. Na Lomuria hakuita mpiga picha hata mmoja. Mjanja sana. Habari itaenea yenyewe.

Nilisogea dirishani. Nilitaka Nyibol aelewe kwamba mambo haya yana ugumu wake. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

“Mzee,” akasema, “babu yako anaitwa nani?”

Nikauliza anataka kujua kwa nini.

“Jana hatukumaliza. Tumeomba humu ndani, kwa watoto wangu, na kwa wale wa Boma. Babu yako tulimtaja babu tu. Nataka kumtaja kwa jina.”

Nikamwambia anaitwa Ekaale. Akalirudia taratibu asilisahau. Ekaale. Kisha akarudi kukaa na wenzake.

Wakati wa kurudi nilipita nyumba yangu bila kuiona. Ni kwa sababu sikunywa chai.

Jumatano, 27 Februari

Ubao wa Boma umepakwa rangi upya. Nilipita kuona kama wameandika jina langu. Hawakuandika. Mikusanyiko yote imepigwa marufuku, ya maombi na ya jamaa pia. Wamebaki wanafunzi na mwalimu wao. Langoni kuna kufuli mpya.

Mzee mmoja alikuwa amesimama pale, kibuyu cha maziwa mkononi. Anaitwa Ebei. Ametoka Lokori, sehemu ya njia kwa miguu. Baba yake alifia ndani ya Boma, na kila mwaka wakati kama huu huja kumwaga maziwa chini ya ukuta. Hajui kusoma. Akaniomba nimsomee ubao.

Nikamsomea. Akaniomba nisome tena, labda nimeruka mahali. Nikasoma tena.

“Ni nani aliyeharibu?” akauliza.

Nikasema ni wakimbizi. Waliingia bila kibali.

Akatikisa kichwa. Akasema mkimbizi naye ni mtu wa shida. Alipitisha mkono kwenye vyuma vya lango, akajaribu kumwaga maziwa kuelekea ukutani, lakini ukuta uko mbali. Yakaishia mchangani hapo hapo langoni. Nzi wakaja.

Nilimuuliza kama Lokori iko katika wadi yangu. Haimo. Hata hivyo nilimpa picha yangu. Hakuna mtu wa kudharau.

Alhamisi, 7 Machi

Lomuria ameshinda. Sitaandika tofauti ya kura. Katika kituo changu mwenyewe, shuleni pale jirani, nilitarajia angalau kura ya Akiru. Nilimuuliza. Akasema alimpigia kaka yake, na kama Nyibol angekuwa na haki ya kugombea angempigia yeye. Kisha akaenda kulala kwa dada yake. Hakusema atarudi lini.

Kazi ya baraza imekwisha. Leo nimerudisha kiti na kabati. Mhuri hawakuuliza.

Jumatatu, 11 Machi

Habari njema, mwishowe!

Inasemekana kaunti mpya itataka kujenga mnara wake wa kumbukumbu hapa Lodwar, na kutakuwa na kamati. Ni nani mwenye uzoefu wa mahali pa kumbukumbu kunishinda? Hayupo. Nimeamka na nguvu mpya. Nimekaa tangu asubuhi naandika rasimu ya kanuni, ili nikiitwa niwe tayari. Ya kwanza imeniridhisha sana: hakuna mtu yeyote kuhutubu juu ya mnara, isipokuwa mwenyekiti wa kamati.

Akiru alipita kuchukua sufuria. Nikamsomea. Akauliza hiyo kumbukumbu itakuwa ya nani.

Nikamwambia hilo ni jambo la baadaye, litaamuliwa kikaoni. Kwanza apatikane mwenyekiti.