Ombi la Karatasi ya Njia kwa Risasi ya Serikali

Bunia, mtaa wa Ngezi, Agosti 2001

Kwa Bwana Kamanda wa Polisi ya Mji
Nakala: kwa Bwana Eugène, aliyeongoza mjadala katika ukumbi wa parokia

Yahusu: risasi yenu iliyomo ndani ya paja la mume wangu

Bwana Kamanda mheshimiwa,

Mimi ni Honorine, muuza samaki wa chumvi hapa Ngezi, mke wa Anselme ambaye mnamtunza katika kituo chenu. Nakuandikia kwa heshima zote, baada ya kunawa mikono kwa sabuni ili karatasi isinuke samaki, maana najua ofisi yako tayari ina harufu ya kutosha kutokana na mguu wa mume wangu.

Jumapili nilikuwa katika ule mjadala juu ya polisi na matumizi ya nguvu. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha, nikakusikiliza mwanzo hadi mwisho, na nakiri kwamba nilitoka nimeelimika. Kabla ya hapo nilikuwa nikizunguka mtaani nikisema kwamba askari wako amempiga mume wangu risasi. Sasa naona aibu. Kwa hiyo sikuandikii kuwalalamikia polisi. Nawalalamikia wengine wote.

1. Kwanza namlalamikia mume wangu. Ulituambia pale ukumbini, na ukarudia kwa Kifaransa ili wasomi nao wafurahi, kwamba siku ile risasi zote zilipigwa hewani. Zote, bila kubakiza hata moja. Nami najua kwamba moja imo katika paja la Anselme, kwa sababu nimeigusa kwa kidole changu. Basi jibu haliwezi kuwa lingine: Anselme alikuwa hewani. Bwana Kamanda, nimeolewa na mtu huyu tangu nchi inaitwa Zaire, na hajawahi kuniambia kwamba anaruka. Paa letu linavuja juu ya kitanda kwa kuwa anaogopa ngazi. Mama yangu alipomwomba amwangulie parachichi, alisimama chini akautikisa mti mpaka jirani akamhurumia. Kumbe muda wote huo alikuwa na uwezo wa kupaa juu ya barabara ya soko na kwenda kukutana na risasi huko huko! Naomba ahojiwe vikali juu ya jambo hili.

Jirani yangu Mama Falone hakuielewa hoja yako. Alisimama akakuuliza: "Mukubwa, kama masasi yote ilienda yulu, njo nani aliishusha mu muguu ya mutu?" Ulimjibu kwamba hilo ni swali la kisiasa. Nilimvuta kitenge akae, nikamwambia asituharibie elimu.

2. Pili nailalamikia filimbi. Bwana Eugène si mtu wa hapa, na aliomba mambo yaelezwe kwa maandishi, basi naeleza. Kila asubuhi bendera inapopandishwa, na kila jioni inaposhushwa, askari wa kituo anapiga filimbi. Filimbi ya kwanza, kila kiumbe kinasimama pale kilipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye kofia anavua, mwenye mzigo kichwani anavumilia. Filimbi ya pili, tunaruhusiwa kuendelea na maisha. Anayejitikisa kati ya filimbi hizo mbili anapata fimbo, hata kama ni inzi aliyemwingia puani. Bendera zenyewe zimebadilika juu ya mlingoti ule kila wakubwa wa vita walipobadilika, na nyingine ziliondoka kabla hatujazizoea rangi. Fimbo ndiyo haikubadilika, na sisi tumefundishika. Nimemwona mama mjamzito akisubiri na mguu mmoja ng'ambo ya mtaro na mwingine huku.

Mdogo wangu Honoré ni refa wa mechi za mtaa. Siku moja alipiga filimbi ya penalti, na timu zote mbili zikasimama wima zikitazama upande wa kituo chako, mpira ukajiendea wenyewe mpaka golini. Watu waligombana wiki nzima kama lile ni goli. Tangu hapo anachezesha kwa kupiga makofi, na filimbi yake nimeificha katika kopo langu la chumvi isije ikatuletea balaa jingine.

Sasa siku ya mkasa. Ilikuwa mchana, si saa ya bendera. Askari wako alikuwa ameanika bot zake, vile viatu vya kazi, juu ya ukuta wa kituo, akamwona mwizi anaondoka nazo. Akapiga filimbi ya kukamata mwizi. Barabara nzima ikasimama. Anselme alikuwa anatoka sokoni na kikapu changu cha samaki nyuma ya baiskeli. Akashuka, akavua kofia, akanyoosha mgongo. Aliyekimbia ni mwizi peke yake, maana kati ya watu wote wale ni yeye tu aliyejua kwamba filimbi ni yake. Alipita katikati yetu bila haraka kubwa, bot moja katika kila mkono. Naomba basi polisi wapewe filimbi mbili zenye sauti tofauti, moja ya bendera na nyingine ya wezi, ili raia ajue asimamie kipi.

3. Tatu nailalamikia miguu ya askari wako, ambayo ilikuwa mitupu. Angekuwa amevaa bot angemfukuza mwizi. Lakini bot ndizo zilizokuwa zinafukuzwa, na barabara yetu ina kokoto, basi akaituma bunduki ikimbie badala yake. Ulisema ukumbini kwamba polisi hutumia nguvu inayolingana na hatari. Nimejaribu kupima, kama ninavyopima samaki: upande huu bot mbili zilizochakaa, upande ule paja la baba wa familia. Mizani yangu labda ni mbovu.

Mzee Katsuva, fundi viatu wetu, naye alitaka kuchangia. Alisema: "Bot ikipasuka, miye niko nashona. Sasa ile muguu ya Anselme nitaishona na uzi gani?" Watu walicheka, na wewe ukaandika jina lake. Namlalamikia Mzee Katsuva pia, kwa kuleta habari za ufundi katika mjadala wa wakubwa. Tangu siku hiyo hafungui kibanda chake, na mimi ndala zangu zimo ndani.

4. Nne naulalamikia mwili wa binadamu, kwa kuwa haukutengenezwa kufuatana na sheria zenu. Anselme ameshitakiwa kwamba alimsaidia mwizi kutoroka kwa kusimama njiani. Nilikuuliza kwa adabu angefanya nini, ukaniambia kwamba aliyekimbia angedhaniwa ndiye mwizi. Nilipomfikishia jawabu hilo alilala akilifikiria, kisha akasema: "Honorine, siye batu ya Bunia tukae namna gani? Ukisimama ni kosa, ukikimbia ni kosa." Nimejaribu kumtafutia namna ya tatu. Ipo ya kulala chini bila kujitikisa, na katika vita hivi, kuanzia hapa mpaka Irumu, tumeshawaona wengi waliolala hivyo. Hao kweli hawajashitakiwa.

5. Tano, na hapa naomba unisome polepole, nailalamikia risasi yenyewe kwa kukaa mahali isipotakiwa. Uliunda tume ya uchunguzi, na mji mzima umekusifu. Mwenyekiti ni wewe, makamu ni makamu wako, na mwandishi ni yule askari wa miguu mitupu, kwa sababu habari anazijua kwa karibu. Tume imeamua kwamba risasi ni kielelezo, na tena ni mali ya serikali, na kielelezo hakitoki kituoni mpaka dosye, yaani faili la kesi, ifungwe. Risasi imo katika paja. Paja limo katika Anselme. Basi Anselme hatoki. Baiskeli yake nayo ni kielelezo, imeegemezwa ukutani. Samaki wangu walikuwa vielelezo pia, lakini nasikia tume iliwachunguza pamoja na ndizi za kupika, na hawapo tena.

Kwa kuwa harufu ya mguu ilikuwa inakusumbua, umeamuru alazwe nje, barazani, na askari mmoja wa kumlinda. Nashukuru kwa hewa hiyo. Clémence, muuguzi wa mtaa wetu, alipita karibu akijifanya anatafuta kuku wake, akainama, akanusa. Aliporudi hakutaka kunitazama. Aliniambia: "Mama, ile muguu haina tena wakati. Bamupeleke Nyankunde bamupasule. Bakichelewa, utakosa muguu, kisha utakosa bwana."

Bwana Kamanda, hapo maneno yangu ya kuchekesha yaliniishia. Paja limevimba na limekuwa jeusi. Anatetemeka kwa baridi jua likiwaka, na jana aliniita kwa jina la mama yake, ambaye tulimzika zamani. Ninaogopa. Nimeuza samaki miaka mingi, najua kitu kinachooza kinaanzaje.

6. Kwa hiyo naleta ombi langu, na utaona kwamba halipingani na uamuzi wa tume hata kidogo. Simwombei Anselme ruhusa ya kutoka. Yeye ni nani? Naiombea risasi. Tafadhali iandikie karatasi ya njia, feuille de route, yenye muhuri, ili iende hospitali ya Nyankunde bila kusumbuliwa kwenye bariere, vile vizuizi vya askari barabarani. Sababu ya safari: matibabu. Mzigo: hakuna. Msindikizaji: Anselme, ambaye atafuatana nayo kila iendako kwa kuwa hana namna nyingine. Kule madaktari wataitenganisha na msindikizaji wake, na itarudi kazini ikiwa na afya njema. Mkiona inafaa mwaweza hata kuipandisha cheo, kwa kuwa ndiyo peke yake katika polisi yenu iliyofika mahali na ikakubali kwamba imefika.

Naachia hapa kwa kuwa karatasi imejaa. Ningekuwa na nyingine ningeendelea. Unisalimie makamu wako. Unisalimie mama wa nyumbani kwako, mteja wangu, umwambie samaki wa Tchomia, kule ziwani, watakuja barabara ikitulia. Unisalimie askari wa mlangoni, na yule wa miguu mitupu, naye nampa pole kwa kokoto. Bendera nayo iambie tunaiona kila siku.

Ni mimi mtiifu, ninayesimama kila nikipigiwa filimbi,

Honorine

N.B. Naandika haya kwenye karatasi nyingine, niliyopewa na wauguzi huku Nyankunde. Ile karatasi ya njia usijisumbue nayo tena.

Nilikuletea barua hii mwenyewe, asubuhi, bendera ikiwa imeshapanda zamani. Honoré alinisindikiza. Askari wa mlangoni aliniambia: "Mama, urudie kesho, mukubwa iko ananyoa ndevu." Nilimtazama Anselme pale barazani, nikamwita. Hakunijua. Basi nikaingiza mkono katika kopo la chumvi nililokuwa nimelibeba, nikaitoa ile filimbi, nikaipiga kwa kirefu, kama mnavyoipiga ninyi.

Haikuwa saa ya bendera, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Wote mlikaza migongo, mikono kwenye mapaji, macho juu ya mlingoti ambako hakuna kilichokuwa kinapanda wala kushuka. Na wewe, Bwana Kamanda, ulitoka na fulana ya ndani, povu la sabuni kwenye shavu moja, ukasimama vizuri kuliko wote. Sisi tulimkalisha Anselme juu ya baiskeli yake, Honoré akashika usukani, mimi nikamshika mume wangu kiuno, tukapita mbele yenu. Askari wa mlangoni jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, lakini kichwa hakukigeuza. Kwenye kila bariere ya njiani nilipiga tena, na kila bariere ilitupa heshima zake.

Wamempasua. Daktari anasema mguu utabaki, ingawa mwenyewe atachechemea. Jana jioni Anselme alifumbua macho, akanitambua, akauliza samaki wako wapi. Nililia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanihurumia.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yangu ya pili. Msinunue filimbi nyingine, hiyo moja inatosha kabisa. Risasi yenu nawarudishia pamoja na barua hii, imefungwa katika kitambaa, nimeiosha. Andikeni katika dosye kwamba ilitolewa katika mguu wa mtu aliyesimama chini, juu ya ardhi ya Bunia, kofia mkononi. Nakala ya Bwana Eugène imeshamfikia, na ameahidi kuisoma ukumbini kwa sauti. Ngezi msitutafute, nyumba ni tupu.

Limebaki jambo moja. Kwa haraka ile nilisahau kupiga filimbi ya pili. Kama bado mmesimama hapo uwanjani, Bwana Kamanda, nawasihi msijitikise; anayejitikisa kabla ya filimbi ya pili, unajua mwenyewe anapata nini.