Kaskazini ya Mwalimu Otiende

Jumatatu, 5 Machi 1934

Siku kubwa! Mwalimu mkuu wetu amezeeka na kurudi kwao Gem, na kiti chake ki wazi. Asubuhi meneja wa shamba la chai alituita ofisini, mimi na Danson Mureithi. Akasema Bwana Mkaguzi wa shule atafika Jumanne ijayo. Kila mmoja wetu atafundisha mbele yake, somo lile lile: sumaku, na jinsi dunia yenyewe ilivyo sumaku. Atakayemridhisha atakuwa mwalimu mkuu na kuhamia ile nyumba ya mabati yenye kufuli mlangoni.

Mureithi alisema atahitaji kujiandaa. Mimi nikasema niko tayari hata sasa hivi, mambo ya sumaku nimeyajua tangu utotoni. Meneja alifurahi sana.

Sumaku nimeiona mara moja tu maishani. Ilikuwa imeshika msumari. Nilidhani imepakwa gundi.

Lakini nyumba ile! Mimi nalala ghalani, kitanda changu kimebanwa katikati ya marundo ya majembe ya kampuni. Na babake Dorcus Apiyo, yule anayefundisha wasichana kushona, amesema wazi kwamba hamwozi binti yake kwa mtu anayelala na majembe.

Jumanne, 6 Machi

Nilimwomba Dorcus sindano. Akauliza kama nimepata kifungo kipya cha koti. Nikamwambia ni siri ya kisayansi. Akanipa sindano, akaniangalia kwa huruma.

Kisha nikaenda kwa Mureithi kumpeleleza. Hata sikupata nafasi ya kupeleleza. Alinieleza kila kitu mwenyewe! Eti nichukue sumaku ya shule, niipitishe juu ya sindano kwa kuelekea upande mmoja tu, mara nyingi, bila kurudi nyuma. Halafu niiweke sindano juu ya kipande cha ganda la mgomba, kielee majini. Itageuka yenyewe na kuonyesha kaskazini. Akaniazima na sumaku yenyewe, ile ndogo nyekundu.

Mtu anayetaka nyumba ya mabati atatoa siri zake hivi hivi? Huu ni mtego. Nimeifanya kinyume: nimesugua kwenda na kurudi, kama mtu anayesafisha meno.

Sindano inaonyesha popote inapotaka. Mureithi ni mjanja sana.

Alhamisi, 8 Machi

Jana nilijaribu njia ya Mureithi, kwa kukosa nyingine. Sindano ikageuka! Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye boriti.

Furaha haikudumu. Ndani ya ghala sindano inaelekea kwenye majembe. Nikihamisha bakuli upande wa pili, inageuka na kuelekea majembe ya upande huo. Nikitoka nje, inaelekea vilima vya Nandi, na hapo ndipo kaskazini ilipo.

Nilifikiri sana nikiwa nakula uji. Basi kumbe chuma kilicho karibu huidanganya sindano! Mtu mwingine angeliandika jambo hili ubaoni awafundishe watoto. Mimi nimeona mbali zaidi. Kama chuma huidanganya sindano yangu, kitaidanganya hata ya Mureithi.

Ijumaa, 9 Machi

Nimekwenda kiwandani kwa Kepher Oyoo, fundi wa malori. Nikamuuliza kama ana kipande cha chuma chenye nguvu. Akanitolea sumaku ya magneto, kile chombo cha kuwasha injini, ya lori lililokufa. Yawa! Kubwa kama kwato ya ng'ombe. Iliponyakua spana mezani, tulivuta watu wawili kuitoa.

Kepher hakutaka shukrani. Alitaka tai yangu. Ndiyo tai pekee niliyo nayo, lakini mwalimu mkuu atanunua nyingine.

Mpango ni rahisi. Siku ya ukaguzi nitaifunga sumaku hii kwa kamba ya katani chini ya meza ya Mureithi. Sindano yake itapotea njia mbele ya Bwana Mkaguzi. Yangu, kwenye meza ya pili kule mwisho wa darasa, itasimama imara kama mnara.

Jumapili, 11 Machi

Aibu.

Niliogopa kuiacha sumaku ghalani, nisije nikaikuta imebebana na majembe yote. Nikaitia mfuko wa koti, nikaenda nayo kanisani. Ibada ikaenda vizuri mpaka wakati wa sadaka. Mzee Gekara alipita na kopo. Alipolifikisha mbele yangu, kopo likaruka kutoka mkononi mwake na kuning'ang'ania ubavuni. Ta!

Mzee akavuta. Mimi nikavuta. Koti likavutika pamoja na kopo. Kanisa zima likaacha kuimba. Mzee Gekara akasema kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia, "Mwalimu Otiende, achia sadaka ya Mungu!"

Nikasema siishiki. Na kweli mikono yangu ilikuwa juu. Hilo liliwatisha watu zaidi. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alihama benchi.

Dorcus alitazama chini muda wote. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nadhani alilia kwa ajili yangu.

Jumanne, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Sumaku niliifunga mapema kabla ya watoto kufika. Fundo zuri. Bwana Mkaguzi alifika mchana na viatu vimejaa matope, na mvua yetu ya kila siku ikaanza kupiga mabati. Na paa likavuja. Likavuja wapi? Juu ya meza yangu! Tone, tone, tone, ndani ya bakuli langu hasa.

Bwana Mkaguzi akasema tusipoteze wakati, Otiende aanze, atumie hii meza kavu. Meza ya Mureithi.

Nilijitetea kwamba maji yangu yamezoea ile meza nyingine. Wote wakanitazama. Nikabeba bakuli.

Nikaeleza kwamba dunia ni sumaku kubwa na kwamba sindano yangu sasa itatuonyesha kaskazini. Sindano ikageuka haraka, haijawahi kugeuka hivyo, ikalielekea tumbo la Bwana Mkaguzi. Nikatangaza kwamba ile ndiyo kaskazini.

Taprandich wa darasa la tatu akainua mkono. "Mwalimu, jua hutokea hapo."

Nikamjibu kwamba kaskazini husogea kidogo wakati wa mvua.

Bwana Mkaguzi akatoa dira yake mfukoni, akaiweka mezani. Nayo ikaelekea tumbo lake. Akaitikisa. Akaiweka sikioni kama saa. Akaniuliza jambo hili maana yake nini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Ndipo Mureithi akainama, akatia mkono chini ya meza. Nilimwona akiigusa. Akanitazama. Nikajua nimekwisha: nyumba, Dorcus, kazi yenyewe.

Akasema, "Bwana Mkaguzi, mwenzangu ametutega makusudi, ili watoto waone."

Akaifungua sumaku, akaiinua juu. Akawaambia watoto kwamba dunia ni sumaku kubwa mno, lakini nguvu yake inayotufikia hapa ni hafifu, basi sumaku ndogo iliyo karibu huishinda. Akampa Taprandich sumaku aipeleke nje, mbali. Sindano ikageuka polepole, ikatulia ikielekea Nandi. Watoto walipiga makofi hata mvua haikusikika. Nami nikainama kidogo, kama mtu aliyejua.

Kisha Mureithi akafundisha somo lake. Alining'iniza sindano kwa uzi, na mkia wake wa kusini ukashuka kidogo. Akasema huku kwetu nguvu ya dunia hupita mshazari, na kwamba mtu akisafiri mbali sana kaskazini, ni kichwa kitakachoshuka, mpaka sindano isimame wima kabisa. Nilimnong'oneza Bwana Mkaguzi kwamba mwenzangu amefunga uzi vibaya. Akasogeza kiti chake karibu na Mureithi.

Jumatano, 14 Machi

Matokeo. Mureithi ndiye mwalimu mkuu.

Mimi nimesifiwa! Bwana Mkaguzi amesema mwalimu mwenye ubunifu kama wangu anastahili shule yake mwenyewe. Kuna shule mpya Boito. Mwalimu ni mmoja. Nyumba ni ya nyasi.

Jioni Mureithi alikuja ghalani, akakaa juu ya majembe. Nilimuuliza kwa nini hakunisema. Akajibu kwamba ningefukuzwa, na watoto wangekosa mwalimu. Akasema siku nyingine nikiwa sijui kitu, nimwulize tu, yeye naye aliuliza watu.

Nilimshukuru. Nimeelewa vizuri sana. Ananiogopa, ndiyo maana amenihamishia Boito.

Dorcus naye, aliyetutazama jana kutoka mlangoni, aliniuliza kama nilijua sumaku iko chini ya meza. Nikasema bila shaka. Akauliza basi jasho lile lilikuwa la nini. Kisha akasema hajali mabati wala nyasi, na kwamba yeye mwenyewe atazungumza na babake. Nyumba hanidai. Anachotaka ni kusikia kwamba siku moja mtu ameniuliza kitu, nami nikajibu, "Sijui." Nikiweza hilo, nimwandikie.

Nimeapa. Kitu rahisi kiasi hicho!

Jumatatu, 26 Machi

Boito. Baridi. Watoto wazuri, nyasi zinavuja.

Leo alikuja meneja wa huku. Amesema wageni wakubwa watatembelea shamba wiki ijayo, naye angependa wapokewe kwa tarumbeta. Akaniuliza kwa upole sana kama najua kupiga tarumbeta. Akaongeza kwamba si lazima, hata nikisema sijui hakuna ubaya.

Nilimkumbuka Dorcus. Neno lilifika hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Nikasema nimepuliza tangu utotoni.

Tarumbeta lenyewe limeletwa jioni. Lina tundu kubwa na tundu dogo. Naona kubwa ndilo la mdomo, maana ndilo linaloingiza hewa nyingi.