Flashi Nyeusi na Tundu Jembamba

Jumatatu, 3 Machi
Laptopu mpya imefika, zawadi ya binti yangu. Nyembamba kama sahani. Nimeizungusha mara tatu nikitafuta pa kuchomeka flashi. Hakuna. Ubavuni mna vitundu viwili tu, vimefinywa kama macho ya mtu aliyenuna. Maus, kibodi na printa yangu, vyote vya enzi zile, vimekaa mezani kama wageni waliofungiwa mlango.

Shida si maus. Shida ni flashi nyeusi. Ndani yake mna dakika nne za sauti ya marehemu mke wangu, na hakuna nyingine popote. Mama mkwe anakuja Jumapili kuisikiliza. Macho yake yamekwisha, picha hazimfai tena. Kompyuta yangu ya zamani ingetusaidia, ila ilifia mikononi mwangu nilipoifungua kuipangusa vumbi.

Binti kanionya kwa simu: nisiguse kitu, nimpe mjomba. Mjomba wake ni shemeji yangu, fundi simu, mtu wa kukuuliza kama umejaribu kuizima, kwa sauti ya daktari. Namwita Injinia. Si kwa kumsifu. Nimesema nitampelekea. Sitampelekea.

Jumanne, 4 Machi
Dukani, foleni ya watu watano. Nimeomba adapta. Muuzaji, mama mwenye miwani utosini, kauliza kwa sauti ya gulioni kama nataka jike au dume. Nikamjibu kwa upole kwamba mimi ni mgane, na sikuja kwa habari hizo.

Foleni nzima ikacheka, hata mzee aliyeegemea friji ya soda. Mama akanifafanulia kwamba jike ni upande wenye tundu, dume ni ule wa kuchomeka. Sikumsikia vizuri, masikio yalikuwa yanawaka. Nikasema dume, pande zote, nikaondoka.

Nyumbani: dume huku, dume huku. Laptopu imepokea ncha moja. Ya pili inatazamana na flashi, nayo dume, kama mabeberu wawili kwenye kidaraja.

Jumatano, 5 Machi
Kurudi dukani ni muhali. Yule mzee huenda bado kaegemea friji. Nimewaza. Flashi ni pana, tundu ni jembamba. Mlango ukiwa mdogo, hupunguzwa kitanda. Nimeazima tupa kwa seremala jirani. Kauliza nanoa nini. Nikasema kisu. Akanishauri nisikaze mkono.

Nimekaza.

Alhamisi, 6 Machi
Haiingii kwenye laptopu. Na sasa haiingii hata kwenye kompyuta ya ofisini, yenye matundu ya kizamani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kompyuta ya ofisini ina matundu ya kizamani. Nimekuwa karani mbele yake miaka tisa.

Sikula mchana. Binti kapiga, kauliza kama mjomba amefanikiwa. Nimesema anaendelea nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Injinia kaja bila kuitwa. Binti alimpigia kumshukuru kwa kazi ambayo hajaifanya. Katandaza kitambaa mezani, kaiangalia flashi muda mrefu, kauliza kama nyumbani kuna panya. Nikasema ni mimi. Nilitegemea atacheka. Akasema, shemeji, huyu ni dada yangu. Akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kakaa karibu kabisa na laptopu, kiganja juu yake, kama anayepima homa. Injinia kaiunga flashi kwa nyaya nyembamba kama nywele. Dakika nne zimebaki sekunde kumi na tisa. Marehemu alikuwa akijaribu kinasa sauti, nami nimeifungua redio yake:

“Mume wangu, weka bisibisi chini. Weka chini, nakuomba. Kaka atakuja kuitazama. Unanisikia? Hanisikii huyu.” Kisha kicheko chake. Kisha hakuna kitu.

Mama mkwe kaomba irudiwe. Flashi ikakataa, imekufa. Bahati, Injinia alikuwa ameshanakili kwenye simu yake. Kaicheza mara saba. Kila mara bibi wa watu alicheka palepale, akalia palepale. Kisha akaniuliza, mkwe wangu, maneno mengine yamekwenda wapi? Nikasema, teknolojia, mama. Injinia akatazama dirishani.

Mlangoni kaniachia flashi, kasema nikiitaka ile nakala nimwombe tu, atanitumia.

Jumatatu, 10 Machi
Nyumba kimya. Nimetamani kuisikia. Nimemwandikia Injinia ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Kuomba ni neno moja tu, lakini lina miiba.

Halafu nikawaza. Sauti haiozi. Zile dakika nyingine hazijapotea, zimekwama tu humo ndani, zinangoja mtu mwenye subira.

Nimemrudishia seremala tupa yake. Nimeazima bisibisi.