Ombi la Kurudishiwa Mpangilio Wangu wa Mafaili

Ndugu Daktari Mkuu,

Pokea salamu za heshima kutoka dirisha la kumbukumbu za wagonjwa, nililolikalia miaka ishirini na mbili. Nakuandikia kwa uchungu. Naomba utafiti wa yule binti mwenye saa ufutwe, na mpangilio wangu wa mafaili urudishwe kabla sijadharauliwa na jengo zima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti huyo alikaa nyuma yangu wiki mbili akiandika. Nikadhani ananisifu, kumbe anapima muda. Ameripoti kwamba mgonjwa hukaa hapa saa nne, na tatu kati ya hizo zinaishia dirishani kwangu. Hakuandika kwamba saa zote hizo nilikuwa natafuta faili kwa bidii, tena nimesimama.

2. Mimi niliyapanga mafaili kwa tabia za watu: wanaosalimia, wanaonuna, na wenye kelele. Ni mpangilio wa kiutu. Yeye ameyapanga kwa namba. Sasa hata mfagiaji, ambaye hajasomea kazi hii, anatoa faili kabla sijavaa miwani.

3. Zamani wagonjwa waliniita mkubwa na kuulizia watoto wangu. Siku hizi wanasema ahsante huku wanatembea.

4. Daktari akipata faili mapema, anaona dawa iliyomdhuru mgonjwa mara ya mwisho na hampi tena. Matokeo yake watu wanapona. Wakipona hawarudi. Wasiporudi, Ndugu Daktari Mkuu, mimi na wewe tutamhudumia nani? Na nasikia binti anataka kupima wodi zote.

Napendekeza watafiti nao wafanyiwe utafiti, kwa muda usiopungua miaka kumi, wakingoja nje.

Nifikishie salamu kwa wauguzi wote, mfamasia, dereva wa gari la wagonjwa, na hata mfagiaji, ingawa amenikosea.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,
Karani Mkuu wa Kumbukumbu (hakuna mwingine)

Baada ya kutia saini: Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi, nikiwa kwenye chai, mama yangu mzazi aliletwa hapa akihangaika kupumua. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano, mfagiaji akafika na faili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino mwekundu kwamba dawa hiyo mama haiwezi, itamuua. Faili lilipatikana kwa dakika moja. Katika mpangilio wangu wa zamani, la mama nililitunza kwa heshima ndani ya droo yangu, na ufunguo nilikuwa natembea nao mfukoni. Nimeogopa sana, Ndugu Daktari. Tafadhali barua hii usiifanyie kazi. Mama sasa anapumua vizuri, na kila muuguzi anayepita anamwambia kwamba faili limeonekana upesi kwa sababu mwanawe ndiye aliyeyapanga mafaili. Sijapata moyo wa kumkatalia.