Mgongo wa Iacov na Zaburi ya Mia na Ishirini na Nane

Jumamosi, 1 Machi

…na ndiyo maana nasema Biblia moja haitoshi katika nyumba yenye mapenzi makubwa kama haya! Iacov hakubali. Anasema wiki saba za ndoa, Biblia nne, na mezani imebaki nafasi ya sahani moja. Basi tutakula sahani moja. Raha iliyoje!

Asubuhi kanifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, ule ambao kwetu wanawake hupewa kila Machi inapoanza. Kwenye uzi, kikaratasi: "Zaburi 128:3. Ndivyo nyumba yangu ilivyo tangu nikuoe." Moyo paa! Hakusubiri nisome. Kapanda gari lake la kubebea milango, kaenda kazini kuifunga majumbani mwa watu, na Biblia yake ndani kama kawaida.

Nikafungua Biblia ya bibi yangu Paraschiva, ile kubwa inayonukia mrehani. Mtunga zaburi analalamika kwamba waovu walimpiga mgongoni, tena kwa muda mrefu.

Nikakaa chini. Juu ya unga wa mkate, lakini nilikaa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimetafakari. Iacov wangu ananipenda, hilo halina mjadala. Kwa hiyo aya ina maana ya ndani. Inataka zana.

Bahati njema: Jumapili ijayo, saa ya mafundisho, ni zamu yangu. Kila mke mpya katika kanisa letu la Kibaptisti husimama mbele ya watu wote akafafanua aya moja. Akiweza, anakaribishwa kwenye darasa la Alhamisi, wanakochimba Maandiko neno kwa neno. Asipoweza, anapelekwa kwa watoto, kupaka rangi safina. Mimi nimebatizwa Agosti tu, nimetoka kwa Waorthodoksi, na natamani darasa lile kama mtoto anavyotamani keki ya Pasaka. Mwongozaji wake ni wifi yangu Tabita. Yeye anasema wazi kwamba mkono wangu ni wa rangi.

Tutaona. Nitafafanua aya ya mume wangu!

Nimelinganisha tafsiri. Ya bibi, ile ya picha, na ile ya herufi kubwa niliyonunua monasterini. Zote tatu zinakubaliana kuhusu mgongo. Mashahidi watatu! Ya nne ni ya Kihungari. Siielewi, ila kingo zake zimepakwa dhahabu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa wifi Tabita kuazima itifaki, kile kitabu kinene kinachoorodhesha kila neno la Biblia na mahali lilipo. Sikusema hivyo. Nilisema nataka kujifunza kuviringisha nyama kwenye kabichi. Nikaviringisha kabichi sitini. Ndipo nikaitaja itifaki, kama mtu aliyeiona kwa bahati tu.

Wifi akacheka. Akaniambia, Smaranda wee, humo hamna picha, utasinzia. Nikamjibu kwamba kwa mume kama kaka yake, nani anasinzia? Mama mkwe, aliyekuwa nasi jikoni, akakohoa. Wifi akanipa, lakini akasema aione Jumapili ikiwa kama ilivyo.

Nimerudi nayo nikiwa nimeikumbatia. Kurasa nyembamba kama ngozi ya kitunguu! Nimetafuta neno "busu" kwanza. Lipo mara nyingi kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 6 Machi

Ugunduzi! Nimetafuta "mgongo". Itifaki inasema Zaburi 129:3. Nikafungua 129 kwenye ya bibi: mtu analia kutoka vilindini, mgongo hakuna. Nikarudi 128: mgongo upo. Itifaki imekosea!

Nikajaribu "kivuli cha mauti". Wao wanasema 23. Kwetu ni 22. Nikajaribu maneno mengine ishirini. Makosa karibu kila mahali! Wasomi wazima, wanaandika kitabu kizito kiasi hiki, hawajui kuhesabu. Na wifi amekitumia miaka tisa bila kugundua. Maskini wifi.

Nimemsahihishia. Kwa wino wa zambarau, kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni. Mpaka mkate unaiva nilikuwa nimemaliza nusu ya Zaburi. Jumapili nitamrudishia mbele za watu, kwa unyenyekevu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Iacov kaniletea maua ya theluji, mikono imejaa, pua nyekundu kwa baridi. Nilimbusu mpaka jirani akafunga dirisha lake.

Kisha nikamchunguza kwa ujanja. Nikamuuliza kama mgongo unamuuma. Akasema mtu aliyepandisha milango kumi na minne ghorofa ya tano, mgongo usimuume, kwani ana wa chuma? Basi ni kweli! Aliona haya kusema, akatumia Zaburi. Mwanamume mpole namna hii!

Waovu nimewapata pia. Ni springi za kitanda. Na kitanda alitupa nani kama zawadi ya harusi? Wifi Tabita. Nimekitoa chumbani, nikakiweka ukumbini.

Dawa: mama yangu amesema kwa simu kwamba hakuna kama pombe ya plamu anayopika baba. Si ya kunywa, ya kuchua! Nimemchua Iacov kwa chupa nzima. Kalalamika kwamba inachoma. Nikamwambia ndivyo uovu unavyotoka.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimemchua tena kidogo, apate nguvu ya kwaya.

Kanisani madirisha yalifungwa kwa sababu ya baridi. Katika wimbo wa pili, waimbaji wa sauti ya kwanza waligeuka mmoja mmoja kumtazama Iacov. Katika wa tatu, mzee mmoja wa kanisa alishuka akamnusa. Sisi Wabaptisti hatuonji hata tone. Iacov akanong'ona kwamba pombe iko nje, haiko ndani. Mzee akasema kila mlevi huanza hivyo.

Zamu yangu ikafika. Nilisema vizuri mno! Nikasema mume wangu aliniandikia Zaburi 128:3, nikawasomea habari za waovu na mgongo, nikafafanua springi, nikafafanua pombe. Nikataja makosa ya itifaki, nikamkabidhi wifi kitabu chake. Akakifungua. Akaona zambarau.

Akauliza, umeniandikia kitabuni, wewe? Kwa wino?

Iacov akasimama, masikio mekundu kama pilipili ya kuchomwa. Akasoma 128:3 kutoka Biblia yake. Inasema mke ni kama mzabibu wenye matunda ndani ya nyumba, na watoto kama miche ya mizeituni kuizunguka meza! Kanisa likaangua kicheko. Mama mkwe akanitazama tumboni. Mimi nikalia kwa furaha, pale pale mimbarini. Mzabibu! Mimi!

Nje Iacov akanieleza taratibu. Biblia za Waorthodoksi zinafuata hesabu ya Kigiriki cha kale: zaburi ya tisa na ya kumi zimeunganishwa, hivyo kuanzia hapo namba inarudi nyuma kwa moja. Aya yake niitafute 127. Punguza moja, akasema. Akasema na jambo jingine, kama "Zaburi tu" au kitu cha namna hiyo, lakini jua lilikuwa limeangukia kope zake, na mtu hawezi kusikiliza na kutazama kwa wakati mmoja.

Nimepewa darasa la watoto. Wifi amesema penseli za zambarau zimefichwa. Nimelia kidogo, safari hii si kwa furaha. Nalitaka darasa la Alhamisi kweli. Lakini mtu mwenye siri ya kupunguza moja hawezi kukaa kwa watoto muda mrefu.

Jumanne, 11 Machi

Kikaratasi kipya chini ya kikombe! "1 Wakorintho 13:4. Pole, mpenzi. Ndivyo nilivyo kwako."

Safari hii sikukurupuka. Nimekuwa msomi. Nikapunguza moja, nikafungua sura ya kumi na mbili, aya ya nne. Inasema ziko karama za namna mbalimbali.

Karama! Yaani zawadi! Na za namna mbalimbali! Maskini Iacov, ananipa uzi, maua, mzabibu, na mimi sijampa chochote zaidi ya kumchua. Anadokeza kwa upole, kama kawaida yake.

Nimeshapata zawadi. Kuna mjane wa mchungaji huko Oradea anauza maktaba yote ya marehemu: kamusi za Biblia, ramani za safari za mitume, ufafanuzi wa juzuu kumi na nane, na itifaki kubwa kuliko ya wifi. Namba zake nitazipunguza mwenyewe, kitabu chote, kuanzia Mwanzo. Wakiona hivyo, darasa la Alhamisi watakuja kunichukua kwa miguu yao.

Nimempigia simu. Nimemwomba asimuuzie mtu mwingine hata ukurasa. Nimemwambia nitafika kwake kabla ya mwezi kuisha, na gari la milango, siku ambayo Iacov hatajua kwamba hana gari.